Chuo Kisicho na Sapu: Tezi ya Thaimasi na Kinga ya Mwili

Wanachuo wenzangu, taja neno "tezi" mbele ya watu kumi uone. Wanaume watacheka kwa woga, maana kichwani imekuja tezi dume. Wengine watashika shingo wakikumbuka rovu la bibi fulani kijijini. Sidhani kama kuna atakayeweka mkono kifuani. Lakini huko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari na juu kidogo ya moyo, ipo tezi ambayo mtoto akizaliwa bila hiyo kabisa, hata mafua ya kawaida yanaweza kumuua. Inaitwa thaimasi.

Jina unaweza kuwa unalisikia leo kwa mara ya kwanza, ila kazi yake unaijua. Nani hapa hajawahi kusikia habari za CD4? Zimetangazwa redioni, zimebandikwa kwenye kuta za zahanati, na watu wameulizana kwa sauti ya chini, "CD4 zake ngapi?" Hizo CD4 ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T, na hiyo T imetokana na jina la tezi hii. Yaani miaka yote tumekuwa tukihesabu wahitimu bila kujua chuo walichosoma.

Mimi nasomea ualimu, si udaktari. Naandika kwa sababu habari ya tezi hii ni habari ya shule, na pia kwa sababu kuna kosa moja ambalo madaktari wakubwa walilifanya juu yake karne iliyopita, na sisi huku vijijini tunalirudia kila siku bila kujua.

Ilivyo

Kama umekulia kwa wafugaji, inawezekana umeshaiona. Ndama au mwanambuzi akichinjwa, kwenye kifua cha juu na pande za koo kuna kipande cha nyama laini, cheupe chenye wekundu kidogo, kimegawanyika vijivipande. Hiyo ndiyo thaimasi. Kwa ng'ombe mzee utaitafuta sana, maana mahali pake pameshajaa mafuta.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Mtoto anapozaliwa, tezi hii ni kubwa mno ukilinganisha na mwili wake. Inaendelea kukua mpaka karibu na balehe, ambapo inaweza kufika gramu 30 hadi 40, uzito wa kiganja cha karanga. Baada ya hapo inaanza kusinyaa, na nafasi yake inachukuliwa na mafuta pole pole. Mimi na wewe tulio na miaka 22 au 23, chuo chetu cha kinga kimeshaanza kupunguza udahili.

Wanavyosomeshwa

Seli zinazokuja kusoma hapa zinazaliwa kwenye uboho, ule mnofu laini ulio ndani ya mifupa. Zinasafiri kwa damu mpaka kifuani zikiwa hazijui lolote. Zikifika, kila moja inajitengenezea kifaa chake cha kunasia wadudu wa magonjwa. Cha ajabu ni kwamba vifaa hivyo vinatengenezwa kwa bahati nasibu. Mwili haujui kesho utakutana na ugonjwa gani, kwa hiyo unatengeneza mamilioni ya funguo tofauti kwa matumaini kwamba, kitasa kipya kikija, ufunguo wake utakuwa tayari mfukoni.

Ila ufunguo uliotengenezwa kwa kubahatisha unaweza pia kufungua mlango wa nyumba yako mwenyewe. Ndiyo maana kuna mitihani, na iko miwili.

Mtihani wa kwanza ni wa kusoma vitambulisho. Karibu kila seli ya mwili wako ina kitambulisho juu ya ngozi yake, kama vile wewe ulivyo na cha NIDA, na juu yake inaonyesha vipande vidogo vya vitu vilivyomo ndani. Seli ikiingiliwa na kirusi, kipande cha kirusi kitaonekana hapo. Seli T isiyoweza kusoma kitambulisho haina faida, maana itampita mhalifu mlangoni bila kumwona. Asiyejua kusoma anaishia hapo.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi. Thaimasi ina seli maalumu zenye uwezo wa kutengeneza sampuli za vitu vya mwili mzima: kidogo cha kongosho, kidogo cha ini, kidogo cha jicho. Mwanafunzi anaonyeshwa sampuli hizo. Akizirukia kwa hasira, amefeli, kwa sababu askari wa namna hiyo akitoka nje atashambulia raia. Wengi wa waliofeli wanaamriwa kujiua pale pale. Wachache wanabadilishiwa kozi, wanafanywa wasuluhishi ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao wasizidishe ugomvi.

Sasa sikia matokeo. Katika kila seli 100 zinazoingia, zinazohitimu hazizidi tano, na vitabu vingine vinasema ni mbili tu. Sisi tunalalamika kozi fulani inakamata watu, lakini huku hakuna kusapu, hakuna kurudia mwaka wala kuandika barua ya rufaa. Ukidisko, umekufa.

Ukali huo una sababu. Pale askari wabovu wanapoponyoka wakaingia mtaani, ndipo tunapata magonjwa ya kinga kujishambulia. Kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata watoto na vijana na kuwalazimu kuchoma insulini maisha yao yote, kinatokana na seli T kuzivamia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hakula sukari nyingi, na mama yake hakukosea. Askari wake mwenyewe ndio waliomgeuka.

Wanaohitimu salama wanagawana kazi. Wale wa CD4 ni makamanda. Ndio wanaotoa amri, wanaoziamsha seli nyingine zitengeneze kingamwili, na wanaopeleka nguvu mahali penye vita. Wale wa CD8 wanaenda wenyewe kuua seli zilizokwisha kuambukizwa. Hapo utaelewa kwa nini VVU ni adui mwenye akili. Hahangaiki na askari wa kawaida, anaingia ndani ya makamanda wenyewe. Makamanda wakiisha, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka, na fangasi ambazo mwili ulikuwa unazipuuza zinageuka ugonjwa wa kuua.

Utaelewa pia kwa nini tangu 2016 Tanzania inafuata utaratibu wa kumwanzishia mtu dawa mara tu anapopimwa na kukutwa na VVU, bila kusubiri CD4 zishuke. Kwa mtu mzima chuo kimepunguza udahili, kwa hiyo kamanda aliyepotea anachukua muda mrefu kupata wa kujaza nafasi yake. Mtoto mdogo akianza dawa mapema na kuzimeza vizuri, mara nyingi CD4 zake zinapanda vizuri kuliko za mtu mzima, kwa sababu thaimasi yake bado ina nguvu.

Mwaka 1961

Kwa karne nyingi tezi hii ilionekana haina maana. Wanasayansi walijaribu kuitoa kwa wanyama wakubwa na hawakuona tofauti yoyote, wakahitimisha kuwa ni kiungo cha zamani ambacho mwili umesahau kukitupa.

Aliyewatoa gizani ni kijana wa miaka 30, Jacques Miller, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Australia, akifanya utafiti London. Alikuwa anachunguza saratani ya damu kwa panya. Tofauti yake na wenzake ilikuwa moja, nayo ni kwamba yeye aliitoa tezi kwa panya waliotoka tu kuzaliwa. Panya wale walidhoofika na kuugua ovyo, na chembe zao za limfosaiti zikawa chache. Alipowabandika ngozi ya panya wa ukoo mwingine, miili yao haikuikataa. Mwili usioweza kukataa ngozi ya mgeni ni mwili usiojua nani ni nani. Akachapisha matokeo mwaka 1961.

Kumbe waliomtangulia hawakukosea kutazama, walikosea wakati. Ukikifunga chuo baada ya wahitimu wote kuingia kazini, nchi haitaona pengo haraka. Ukikifunga kabla hakijatoa hata mhitimu mmoja, nchi imekwisha.

Mwaka huo huo wa 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, akawa anatutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Sidhani kama aliwahi kuwaza habari za thaimasi. Lakini ukitaka kiungo kimoja cha mwili ambamo maadui hao watatu wanakutana, ni hiki.

Umaskini ulipoitwa kawaida

Hili ndilo kosa nililolitaja mwanzo.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipata watoto wachanga waliokufa ghafla usingizini bila sababu kuonekana. Walipowapasua walikuta thaimasi kubwa. Kwenye vitabu vyao, thaimasi ya kawaida ilikuwa ndogo. Wakahitimisha kwamba tezi imevimba na ndiyo iliyombana mtoto pumzi. Ugonjwa ukapewa jina refu la Kilatini, na tiba ikatafutwa: kuipiga tezi mionzi ya eksirei ili isinyae. Maelfu ya watoto wazima kabisa walipigwa mionzi kifuani na shingoni, kwa nia njema, huku wazazi wao wakishukuru. Kuanzia mwaka 1950 ripoti zikaanza kutoka Marekani kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa wamepata saratani ya tezi ya shingo.

Sasa jiulize, vitabu vilipata wapi hiyo thaimasi ndogo ya "kawaida"? Vilipata kwenye maiti zilizokuwa zikitumika kufundishia. Na maiti za kufundishia zilikuwa za nani? Za maskini, waliokufa baada ya kuugua muda mrefu na kula vibaya. Njaa na maradhi ya muda mrefu huikausha thaimasi upesi kuliko karibu kiungo kingine chochote. Tezi za watoto waliokufa ghafla zilikuwa ndizo za kawaida. Zile za vitabuni zilikuwa zimekwisha kuliwa na umaskini.

Yaani madaktari waliutazama umaskini kwa muda mrefu mpaka wakauona ndiyo maumbile. Mtoto mwenye afya alipotokea, wakamwona mgonjwa.

Mugango na kwingine

Tusiwacheke sana. Nyumbani kwetu ni Mugango, Musoma Vijijini, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Siku ya kliniki, mtoto wa miaka mitatu mwenye kimo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapopimwa na muuguzi akauliza, jibu utakalosikia ni hili: "Aa, huyu? Ukoo wa baba yake wote ndivyo walivyo." Halafu watu wanacheka, mtoto anavalishwa, safari ya nyumbani. Ufupi wa kuzaliwa upo, sikatai. Lakini takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, kwa hiyo tumepiga hatua. Hata hivyo watoto 30 katika 100 hawawezi wote kuwa wa ukoo mmoja.

Udumavu tunauona kwa macho kwenye kimo. Kinachotokea kifuani hatukioni. Waliowapasua watoto waliokufa kwa unyafuzi na utapiamlo mkali, Afrika na kwingineko, walikuta thaimasi imesinyaa vibaya mno. Guinea-Bissau watafiti walipima tezi hii kwa altrasaundi watoto walipozaliwa, kisha wakawafuatilia. Waliozaliwa na thaimasi ndogo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakiwa wachanga. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mara nyingi hafi kwa njaa yenyewe. Anakufa kwa kuhara, kwa nimonia au kwa surua, magonjwa ambayo jirani yake aliyeshiba anaumwa wiki moja na kuinuka.

Habari njema ni kwamba tezi iliyosinyaa kwa njaa inaweza kurudi. Bolivia, miaka ya 1990, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali. Baada ya mwezi mmoja hivi wa chakula bora, uzito wao ulikuwa umerudi. Thaimasi zao zilihitaji kama miezi miwili. Walipoongezewa madini ya zinki, tezi nazo zikapona ndani ya muda ule ule wa uzito. Maana yake kwetu ni kwamba mtoto akinenepa kidogo, usiseme amepona. Shavu linatangulia, kinga inafuata nyuma. Ukimwachisha chakula cha dawa au kumkatisha kliniki siku anapoanza kucheza, unamrudisha vitani wakati askari bado wako darasani. Na vile vidonge vya zinki mtoto anavyopewa pamoja na ORS akiharisha vimezwe vyote kwa siku zilizoandikwa. Kuhara kukikata siku ya tatu si ruhusa ya kuviweka kabatini.

Hapo ndipo Mugango inaponiumiza. Ufukwe wetu unaanikwa dagaa mpaka unang'aa. Dagaa wana protini, wana chuma, wana hiyo hiyo zinki, na wanaliwa wazima na mifupa yao. Wanafungwa kwenye viroba, wanapakiwa, wanaondoka. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inaishia kwenye chakula cha kuku na mifugo. Mtoto wa aliyewaanika anakula ugali wa muhogo kwa mlenda, mara nyingine kwa chumvi. Muhogo unashibisha, ila protini yake ni ndogo sana. Sisemi wavuvi wasiuze, maana ada zetu wengine zilitoka humo humo. Nasema kikombe kimoja kibaki nyumbani, kisagwe, kichanganywe kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Gharama yake haifiki soda mbili.

Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake. Utafiti wa Denmark wa miaka ya 1990 ulipima watoto wa miezi minne na kukuta waliokuwa wakinyonya tu wana thaimasi kubwa kuliko waliolelewa kwa maziwa ya kopo. Bibi zetu waliokuwa wakisema "mtoto anyonye ashibe" hawakuwa na altrasaundi, ila hawakukosea.

Na sisi wa miaka 22?

Huku chuoni kuna biashara imeshamiri. Kwenye kila kundi la WhatsApp yupo mtu anayeuza poda ya "kuamsha thaimasi" au chai ya "kupandisha kinga ndani ya siku saba", tena kwa bei inayokula nusu ya bumu. Tuelewane. Kusinyaa kwa thaimasi kwa sababu ya umri ni kawaida ya mwili, wala si ugonjwa. Wahitimu waliotoka utotoni bado wako kazini, wanazaliana wenyewe kwa wenyewe na wanakumbuka vita walivyopigana. Hakuna poda iliyothibitishwa kukurudishia thaimasi ya mtoto, na anayekuuzia ahadi hiyo anakula bumu lako bure.

Lakini kusinyaa si kufa. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walichapisha ulinganisho wa watu wazima waliotolewa thaimasi wakati wa upasuaji wa kifua na wengine waliofanyiwa upasuaji wa moyo bila kutolewa tezi hiyo. Ndani ya miaka mitano, waliotolewa walikufa 8.1 kati ya kila 100, na wenzao 2.8. Saratani nazo ziliwapata mara mbili zaidi. Wapo wagonjwa ambao kuondolewa tezi ni tiba yao, kwa mfano ikiwa na uvimbe, na hao wamsikilize daktari wao. Kwa tuliobaki, kilichobaki kifuani bado kinafanya kazi na kinastahili heshima.

Heshima yenyewe ni ya kawaida kabisa. Ni kulala, badala ya kukesha wiki nzima ya mitihani kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, maana homoni za msongo wa mawazo ni miongoni mwa vitu vinavyoikandamiza tezi hii. Ni kula maharage, mayai na dagaa pale unapoweza, badala ya chipsi kavu siku tano mfululizo. Ni kupima VVU na kujua hali yako. Ni kuacha sigara.

Halafu wengi wetu tutapangiwa shule za vijijini, na mwalimu kijijini anasikilizwa. Kwenye kikao cha wazazi utaulizwa mambo ambayo hayamo kwenye andalio la somo. Mama atakuja na mdogo wa mwanafunzi wako mgongoni, mwembamba, nywele zimepauka, na mtu atasema ndivyo walivyo. Hapo usinyamaze. Muulize kama mtoto alipata chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi 18. Mwambie ampeleke zahanati akapimwe mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, na ukisoma nyekundu asirudi nyumbani bila maelezo ya muuguzi. Mweleze kwamba kifuani mwa mwanawe kuna shule iliyofungwa kwa kukosa chakula, na kwamba inaweza kufunguliwa tena.

Tezi inayosinyaa kwa umri tuiache, ni mpango wa maumbile. Inayosinyaa kwa njaa tusiizoee.